Kalori za Mama Viral

Kilichoanza kumkosesha Khushbu raha ni namba sitini.

Kila alipotoka shuleni alikofundisha, kabla hata ya kuvua viatu, alichukua saa nyeusi iliyokaa juu ya friji, akabonyeza kitufe cha kulia na kunakili kwenye daftari yale ambayo saa ilikuwa imeyahifadhi tangu asubuhi: dakika, mapigo ya moyo, kalori. Saa hiyo ilikwenda pamoja na mkanda wa mpira. Mkanda uliloweshwa maji kidogo ukafungwa kifuani, chini ya matiti, ukausikiliza moyo na kuipelekea saa habari zake. Kaka yake, Viral, ndiye aliyevileta kutoka Leicester, Uingereza, mara barabara zilipopitika baada ya mvua za El Niño, alipokuja kumwona mama yao, Jasumati, aliyekuwa ametoka kulazwa Mwanza kwa ugonjwa wa moyo.

Viral hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alisema daktari anataka mama atembee, basi atembee kila siku mpaka saa ionyeshe kalori mia mbili na hamsini, na mapigo yasipite mia na ishirini; yakipita, saa ingelia. Yeye angepiga simu kila Jumapili, Khushbu amsomee daftari. Wiki mbili zikipita bila kalori hizo, angekuja kufunga duka la vitenge na kumchukua mama akakae naye Leicester, karibu na hospitali. Jasumati aliyasikiliza yote hayo huku akichambua dengu, kisha akauliza jambo moja tu: huko Leicester kuna watu wa kumsalimia asubuhi? Viral alicheka. Mama yake hakucheka.

Wiki ya kwanza kalori zilikuwa mia tatu na kitu kila siku. Wiki ya pili zikagonga mia nne. Viral alifurahi hata akaomba asomewe tena. Khushbu naye alifurahi, mpaka Jumatano ile alipotazama vizuri mstari wa mapigo. Kabla ya kuanza kutembea: sitini. Jana yake: hamsini na tisa.

Kule Mwanza alikaa pembeni ya kitanda cha mama siku tano. Aliikumbuka karatasi ya muuguzi: tisini, themanini na nane, tisini na mbili. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, anayetweta akifunga sari, hapati moyo wa mkimbiaji kwa wiki mbili.

Alijifunga mkanda mwenyewe ili aone kama saa imeharibika. Ilisoma themanini na mbili, na alipoanza kuzunguka chumbani ikapanda mpaka mia. Saa ilikuwa nzima. Usiku huo usingizi ulimpaa, na kesho yake alifundisha somo moja la hesabu mara mbili kwa darasa lilelile.

Kuuliza hakuweza. Khushbu ni mtu ambaye hata makosa ya wanafunzi wake aliyasahihisha kwa penseli, pembeni kabisa mwa ukurasa, wasije wakaona aibu. Ijumaa alimwambia mwalimu mkuu kwamba tumbo linamsumbua, na saa tatu asubuhi akawa anafungua mlango wa nyuma wa nyumba yao bila kubisha.

Uani mchi ulikuwa unapiga kinu. Generosa, aliyewafanyia kazi za nyumbani tangu mwaka juzi, alikuwa anatwanga mahindi, mabega yanang'aa jasho. Jasumati amekaa kwenye kigoda karibu naye, saa mkononi.

"Mia na nane," alisoma. "Umelegea, Mama Onesmo."

"Nimelegea mimi? Mama Viral, nimeponda mawe mgodini Rwamgasa miaka miwili, jua utosini, mtoto mgongoni. Hapa kwako ni likizo."

"Basi ponda kama kule."

"Kule mawe yalikuwa na dhahabu. Humu mna pumba."

Walikuwa bado wanacheka walipomwona. Generosa alishusha mchi polepole na kuweka mkono kifuani, pale mkanda ulipotuna chini ya blauzi.

"Umewahi leo, mwalimu," alisema.

Jasumati hakuficha saa wala hakuinuka. Alimweleza bintiye kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu angepaswa kulijua. Kwa miaka ishirini na sita, siku moja kila mwaka kama dini yao inavyotaka, alifunga kwa ajili ya mumewe, asubuhi mpaka jioni bila tonge wala maji, ili mume aishi sana. "Njaa ilikuwa yangu, umri ulikuwa wake. Hakuna aliyeniambia haifai. Sasa Mama Onesmo anakula jikoni kwangu, anatwanga mahindi yangu, mkanda ni wangu. Jasho lake litashindwaje kunifikia?"

Jibu lilimfika Khushbu ulimini: baba alikufa na miaka hamsini na mmoja. Akalimeza.

"Umetembea siku ngapi, Mama?"

"Moja."

"Ikawaje?"

Jasumati alianza kuokota pumba zilizomrukia kwenye sari, moja moja. Generosa ndiye aliyesema, "Mwambie, Mama Viral. Usipomwambia nitamwambia mimi."

Hapo akasimulia kwa mkato. Alifika karibu na stesheni, saa ikaanza kulia, kifua kikawa kama kimekaliwa na mtu. Generosa alimkalisha chini, kisha akaomba baiskeli ya muuza mkaa, akampakia nyuma na kuisukuma mpaka nyumbani.

"Nikasema, kitu hiki kikimfikishia Viral habari, ameshanichukua," alimaliza Jasumati. "Na huko nitakaa dirishani kama maua."

Jumamosi nzima Khushbu alishindwa kutulia. Alikwenda dukani akakunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa, akarudi ndani, akafungua daftari, akalifunga. Akisema ukweli, mama angeondoka kwa kulazimishwa. Akinyamaza, mama angebaki, lakini kwa muda gani? Ilipofika Jumapili asubuhi, alilowesha mkanda, akamfunga mama yake kwa mikono yake na kumwomba watembee pamoja, taratibu, wasipite kona ya msikiti.

Saa ilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa Khushbu. Tisini na sita. Mwanamke aliyebeba maziwa aliwasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na Jasumati akamwitikia akauliza hali ya ndama. Mia na kumi na mbili. Mzee Gulamali, aliyekuwa anafungua duka lake la vipuri, alipokea shikamoo ya Khushbu, kisha akamtania Jasumati kwamba siku hizi anatembea na mlinzi. Mia na kumi na tisa. Mia na ishirini na saba. Saa ikaanza kulia.

"Twende," alisema Jasumati.

"Tukae, Mama."

Walikaa kwenye baraza la Gulamali. Mzee aliwaletea maji na, kwa adabu, akarudi ndani.

"Kifua?"

"Mkono," alisema mama, safari hii bila kubisha. "Wa kushoto. Na taya."

Kalori zilikuwa hamsini na nane. Gulamali aliwarudisha kwa gari lake, mtaa ule mmoja.

Simu ililia saa kumi. Jasumati, aliyekuwa amelazwa kwenye kochi, aliinua kichwa. "Soma za Mama Onesmo," alinong'ona. "Khushbu. Nakuomba."

Khushbu alimsalimu kaka yake, akasikiliza habari za baridi na za watoto. Kisha akamwambia kwamba daftari lote ni uongo, kwamba namba zile ni za Generosa, na za mama ni hizi. Akazisoma. Akamweleza na mkono, na taya.

Viral aliongea kwa muda mrefu. Tiketi, visa, duka, nani alikuwa wapi wakati wote huo. Kwa kawaida Khushbu angeitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka, mpaka mwisho. Alijikuta amesimama.

"Hapana," alisema. "Kesho alfajiri tunakwenda Mwanza kwa daktari. Akisema dawa yake haipo hapa, nitakupigia mimi mwenyewe nikuombe tiketi, na Mama atakuja. Asiposema hivyo, Mama atabaki kwake. Nitatembea naye mimi. Zikiwa hamsini, nitakusomea hamsini."

Viral aliuliza:

"Nani ameamua hayo?"

"Mimi."

Viral alisema atapiga Jumanne, kabla hajaenda kazini. Simu ikakatika. Khushbu alibaki pale ukutani akiukunjakunja waya wa simu.

Jasumati alikuwa amefumba macho.

"Huko Mwanza tutafikia kwa shangazi yako?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo."

"Chai yake ni maji ya moto tu. Mwambie Mama Onesmo anifungie masala."