Mzungu Aliyezaliwa Kamuiru

Nilikuwa nimempelekea fundi wa mradi wa maji barua nane. Nane, kwa mkono wangu, kwa Kiingereza nilichojifundisha kutoka kwa magazeti ya kufungia sukari. Zote zilisema neno moja: mabomba yaliyobaki yapelekwe mgongo wa kilima cha Kamuiru, kwa sababu kila asubuhi wanawake wa huko wanashuka mto Gura na kupanda tena na debe la maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, vile mama zao walipanda siku tuliyoambiwa kwamba Uhuru ukija maji yatapanda yenyewe.

Uhuru ulikuja mwaka wa sitini na tatu. Hii ilikuwa Desemba ya sabini na moja. Maji yalikuwa bado yanafikiria.

Mabomba yalitosha tawi moja tu: ama Kamuiru, ama kitalu cha kahawa cha Chifu Wamae. Mwenye kuamua alikuwa fundi mkuu wa mradi, Mdenmaki aitwaye Jens, sisi tukimwita Njeni. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo. Akienda bila kuamua, mambo yangebaki kwa kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Wamae. Huyo Wamae namjua tangu hamsini na nne, yeye na kofia ya homgadi, askari wa kijiji wa Mwingereza, na kiboko, sisi ndani ya handaki tukichimba. Watu wanasema tumesamehe. Mimi niliulizwa lini?

Basi Wamae akafanya hila ambayo hata Mwingereza hakuifikiria. Akamlisha yule mtu.

Njeni alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Miaka mitatu alikuwa hajapumzika. Sasa akasema, "Nimeona mabomba yenu, sijawaona nyinyi. Mwezi huu nataka kuwaona." Siku ya Jamhuri wakampeleka Nyeri kutazama gwaride. Kesho yake akafundishwa mwomboko, akicheza huku ameitazama miguu yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alhamisi, mbuzi wa kumuaga. Jumamosi, mbuzi wa wale waliochelewa kumuaga. Jumatatu, mbuzi wa kuwashukuru waliomuaga.

Kila karamu nilisimama na nakala ya barua mkononi. Na kila karamu Wamae aliniambia, "Nderitu, mbele ya nyama hakuna kesi. Ama kwenu hamkufundishwa?" Wazee wakaitikia. Kweli, mbele ya nyama hakuna kesi, na nyuma ya nyama hakuna mtu aliye macho. Nikakaa. Nikapewa ubavu. Nikaula, sitawadanganya, na ulikuwa umeiva vizuri.

Tarehe ishirini na tatu, kwenye karamu nyingine kwa chifu, Njeni akasema, "Mzee Chifu, nasikia mgeni anaweza kuzaliwa hapa. Kuwa mtoto ya ukoo. Ni kweli?"

Ni kweli. Ni desturi ya zamani: mgeni huchinjiwa mbuzi, huvalishwa kipande cha ngozi yake mkononi, na kutoka hapo ni mtoto wa mji huo, wa boma hilo, sawa na waliotoka tumboni. Nilimwona Wamae akifurahi hadi shingoni. Mtoto gani atamnyima baba yake maji ya kitalu?

"Tutakuzaa Boxing Day!" akasema. "Mimi ndio baba!"

"Na mama ni nani?" akauliza Mathenge, mzee mgawaji wa nyama. "Ama mbuzi itazaa peke yake?"

Hapo pakawa na shida. Mke mkubwa wa chifu, mtu wa kanisa, akasema yeye alishazaa saba kwa uchungu na hatazaa wa nane kwa mbuzi. Mke mdogo alikuwa na miaka ishirini na saba, Njeni hamsini. Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Chifu akatafuta kichwani, akakumbuka mjane mmoja wa ukoo wake, mkongwe, mpole, ambaye hajawahi kufungua mdomo barazani.

"Waithira," akasema. "Waithira atazaa."

Waithira anakaa Kamuiru, nyumba ya juu kabisa, mahali ambapo hata punda hupumzika mara tatu kabla ya kufika.

Chifu alikumbuka ukoo, akasahau mlima. Nilikuwa na neno mdomoni, na ubavu. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze mwaka wa hamsini na mbili, nikachagua ubavu kwa hiari yangu. Nikanyamaza.

Boxing Day, siku moja baada ya Krismasi, tukapanda sote hadi kwa Waithira. Mbuzi akachinjwa, Njeni akakalishwa katikati ya magoti ya mama yake, magoti yake mwenyewe yakigusa masikio.

"Lia!" akaamriwa na Gathoni, jirani.

Akalia, na vizuri. Wanawake wakapiga ngemi tano, vigelegele vya mtoto wa kiume. Ngozi ikafungwa mkononi. Chifu akapiga makofi.

Ndipo Waithira akaingia nyumbani kwake, akajilaza kitandani, akavuta blanketi.

"Nimejifungua," akasema. "Mtoto abaki na mimi. Na mimi siendi mto."

Hakuna aliyeweza kubisha. Mzazi haendi mtoni. Wanawake wenzake humletea maji. Tukamtazama Gathoni.

"Ai, cucu, si hata sisi tulipiga ngemi?" akasema Gathoni, akimwita nyanya kama sote tunavyomwita. "Tumechoka na huo uzazi. Mtoto ndiye atakuletea maji."

Chifu akacheka sana, akateremka kwake.

Kesho yake Njeni alikaa ndani ya moshi akiandika katika daftari lake, ameridhika kabisa. Kisha akaomba chai.

"Itapikwa na nini, mwana wakwa, mwanangu?" akauliza Waithira. Debe lilikuwa kavu.

Akangoja. Wanawake wakipita njiani wanaulizana kwa sauti: "Mtoto analia?" "Analia chai!" Saa sita akachukua debe, akaweka kamba kichwani, akashuka Gura. Nilimfuata nyuma na nakala za barua zangu mfukoni. Sikumsaidia. Alianguka mara mbili. Akafika juu na nusu ya maji ndani ya debe, nusu ndani ya suruali, akakaa chini.

"Mama yangu anaenda mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja. Magoti yakikataa, hanywi." Nikamtolea barua.

"Hizo nilisoma zote, Nderitu. Ni barua nzuri. Nilifikiri kuna wakati."

Sijawahi kukasirikia mtu hivyo, na yeye akitetemeka kwa baridi.

Asubuhi akaja na vibarua na mabomba. Chifu akafika mbio. "Njeni! Si tulisema baada ya sikukuu?"

Njeni akainua mkono wenye ngozi. "Baba, mama yangu hana maji."

"Kwani, Chifu," akasema Mathenge polepole, "mji wako umezaa. Wewe baba umeleta nini?"

Watu wakaanza kucheka, kwanza wanawake. Hakuna chifu anayeweza kufunga kicheko. Wamae akavua koti, akaomba jembe, akaingia ndani ya mtaro. Nikasimama juu yake nikimtazama akichimba hadi jioni. Sikuwa na kiboko. Nilikuwa na kumbukumbu.

Tarehe thelathini bomba likakohoa, likatema tope, kisha maji. Waithira akaamka, akapika chai, akampa mwanawe kikombe.

"Kunywa haraka, gari inangoja." Akamtazama mpaka akapotea kwenye kona, kisha akanigeukia. "Na wewe Nderitu. Nasikia siku niliyochaguliwa kwa Chifu ulinyamaza."

"Nilikuwa na nyama kwa mdomo, cucu."

"Basi," akasema, akiosha kikombe kwa maji mengi mno, "tutakuwa tunakupa nyama kila baraza."