Bilingani la Vuli Halipewi Mkazamwana

Kwanza tuelewane kuhusu tango. Wapo wanaosema lilikuwa la mita mbili, wapo wanaosema mita nne. Hao wa mita mbili walikuwa wamejificha chini ya meza siku hiyo, kwa hiyo ushahidi wao tuuweke kando.

Tango lilikuwa la Profesa Kuwabara Tetsuji, aliyemaliza miaka thelathini na saba katika kituo cha mbegu huko Yamagata, Japani, akitafuta tango lisilo na uchungu. Mkewe, Fusae, alifariki mwezi wa Februari, theluji ikiwa imefika madirishani. Tangu siku hiyo profesa hakulia, hakunyoa ndevu, hakufungua barua hata moja ya rambirambi. Alijifungia katika banda lake la vioo akipiga hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Wafu huja nyumbani mwezi wa Agosti, siku za Bon. Kila mlango huwawekea tango lenye miguu ya vijiti, ndiye farasi, waje mbio. Na bilingani lenye miguu ya vijiti, ndiye ng'ombe, warudi taratibu.

"Ni suala la usafiri tu," profesa alimweleza Bi Masuko, jirani yake muuza tofu, ile jibini ya soya. "Farasi akiwa na nguvu, atafika. Ng'ombe asipokuwepo, hataondoka. Kwisha maneno."

"Hataondoka nani?"

"Fusae."

Bi Masuko alimkagua kuanzia ndevu hadi kandambili. "Profesa, leo umekula nini?"

"Sijala."

"Inaonekana. Haya, chukua tofu hii, na haya mabilingani yangu ukakaange…"

"Mabilingani sitaki!" Profesa akaruka nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

Mche wake wa tango aliulea kwa maji ya mchele na umeme wa betri ya gari. Kando yake aliweka kinasa sauti chenye kaseti moja, ile ambayo Fusae alijirekodi akifanya mazoezi ya kwaya ya akina mama. Katikati ya wimbo aliacha kuimba na kupiga kelele: "Tetsuji! Chakula kinapoa!" Kila kaseti ilipofika hapo, tango lilirefuka kidole kizima.

Alasiri ya tarehe kumi na tatu Agosti aliwasha moto wa kuwapokea wafu mbele ya lango, akalisimamisha tango juu ya nguzo nne za msonobari. Likatetemeka. Miiba yake ikasimama kama manyoya ya paka mwenye hasira. Mara, fyuuu! Likaruka ua wa Bi Masuko, likabeba kamba nzima ya nguo zilizoanikwa, likapanda kilima cha makaburini, na kabla moto haujazimika likawa limesharudi, shuka la Bi Masuko likipepea nyuma kama bendera.

Aliyeshika hatamu hakuwa Fusae. Alikuwa Bi Toyo, mama yake profesa, marehemu wa miaka kumi na tisa. Nyuma yake alikaa baba, kisha babu na bibi, kisha Mjomba Genzo, kisha bwana mmoja asiyejulikana na mtu. Mwisho kabisa, ubavuubavu, ameshikilia mkia kwa mikono miwili, Fusae.

"Kila mwaka tunabanana kwenye tango la kachumbari," alisema Bi Toyo akishuka. "Leo nafasi ipo, tuiache bure? Na wewe Tetsuji, mbona una ndevu kama mbuzi?"

"Mama, shikamoo. Na huyu bwana ni nani?"

"Mimi nilikuwa naelekea Sakata," alisema yule mgeni, akainama kwa heshima. "Nikaona kuna nafasi."

Profesa hakumsikia. Alikuwa amesimama mbele ya Fusae, mikono ikimning'inia kama ya mwanasesere.

"Umekonda," alisema Fusae.

Profesa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, na kwikwi hiyo ilidumu siku tatu, na hizo siku tatu zilikuwa tamu kuliko miaka yake thelathini na saba ya kituoni.

Tarehe kumi na sita wafu walifunga vifurushi vyao, wakakaa barazani kungoja ng'ombe. Ng'ombe hakuja.

"Kuna hitilafu kidogo ya usafiri," profesa aliwatangazia, huku akitazama dari.

Ikapita kumi na saba. Ikapita ishirini. Wafu hula harufu ya chakula tu, na kwa kuwa walikuwa saba, wali ulipomfikia profesa ulikuwa na ladha ya gazeti. Hakujali. Alikuwa na Fusae.

Asubuhi ya ishirini na nne, Fusae alimwita kwa sauti ya mashaka.

"Tetsuji, njoo unione. Nywele zangu zinatafuta fito."

Kweli. Zilikuwa zimegeuka vikonyo vya kijani, zimejizungusha kwenye nguzo ya nyumba mara mbili, na kimoja kilikuwa kinamzunguka shingo. Huko barazani baba alikuwa amechanua ua la manjano nyuma ya sikio, na Mjomba Genzo alinuka mboga mbichi. Walikuwa wamekuja juu ya tango la profesa, na kadiri walivyokawia kuondoka, utomvu wake ulizidi kuwaingia.

Mume mwingine angepiga yowe. Profesa alikwenda kuchukua rula.

"Sentimita nne kwa saa!" alisema, macho yakiwaka. "Fusae, usitikisike! Hakuna mmea duniani ulio…"

Fusae alimpokonya rula, akaivunja juu ya goti lake.

"Miaka arobaini na moja nimekutazama ukipima majani," alisema. "Nikawa najiambia, ipo siku ataniangalia na mimi. Kumbe ilinibidi niwe jani."

Profesa akakaa chini. Akamtazama mkewe, na safari hii alimtazama bila kipimo. Ndipo kilio cha tangu Februari kikamtoka, kilio kibaya, cha mtu anayenoa msumeno butu, mbwa wa mtaa mzima wakamwitikia.

"Unataka kwenda?" aliuliza alipopata pumzi.

"Nataka niende nikiwa Fusae. Sitaki kwenda nikiwa saladi."

Alitoka mbio miguu mitupu hadi kwa jirani.

"Bi Masuko, nipe bilingani!"

"Si ulisema huyataki?"

"Nilisema upumbavu."

"Sijasikia vizuri, Profesa."

"Upumbavu! Upumbavu mtupu!"

"Hapo sawa," alisema Bi Masuko, akamchumia lililonona kuliko yote.

Profesa alivunja vijiti vyake vya kulia chakula, akalitia miguu minne, akaliweka langoni. Wafu wakainuka na vifurushi. Lakini Bi Toyo alichutama, akaligeuza bilingani huku na huku, akalinusa.

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne, Mama."

"Kalenda ya kale inasema vuli imeingia tangu tarehe nane. Basi hili ni bilingani la vuli. Na bilingani la vuli halipewi mkazamwana. Sisi tutapanda. Fusae abaki."

"Lakini msemo huo ni wa kula," baba alinong'ona.

"Asiyeruhusiwa kula ataruhusiwa kupanda? Nyamaza! Lina mbegu chache, litamharibia uzazi."

"Mama, mimi nimeshakufa," alisema Fusae kwa upole. "Na nina miaka sitini na minane."

"Desturi haiulizi umri."

Wote wakamgeukia profesa. Na hapo ndipo penye utamu wake, kwa maana alichokitaka kilikuwa kimeletwa mbele yake kwenye sinia: Fusae abaki, tena kwa amri ya mama. Alichotakiwa kufanya ni kile alichokifanya kila wanawake hawa wawili walipokwaruzana: kukohoa, kusema "Mmh," na kwenda zake bandani. Midomo ilikuwa imeshajifunga tayari kwa ile "mmh". Akatazama kikonyo shingoni mwa mkewe.

"Mama," alisema kwa sauti ya kifaranga cha bata. "Mwache mke wangu."

"Umesemaje?"

"Nimesema mwache! Atapanda! Atapanda mbele, ashike hatamu! Na wewe utakaa nyuma kabisa, na yule bwana wa Sakata!"

Baba alicheka mpaka ua likamdondoka sikioni. Bi Toyo aliokota kifurushi chake, akaenda nyuma kabisa kama alivyoambiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea duniani wala ahera.

Basi wakapanda, na kila aliyepanda alisinyaa kama mtu anayeonekana kwa mbali, hata Fusae, kule mbele, akawa kama punje ya mchele. Bilingani likapiga hatua. Likatafakari. Likapiga nyingine. Kutoka langoni hadi mtoni, njia ya wafu kurudi kwao, ni mwendo wa dakika tano. Siku hiyo ulichukua saa sita, profesa akitambaa kando kwa mikono na magoti. Nyuma yao lilijipanga lori la matikiti, baiskeli mbili na polisi mmoja, na hakuna aliyepiga honi. Bi Masuko alimkinga profesa jua kwa mwavuli, akicheka na kupenga kamasi kwa zamu.

Karibu na daraja, sauti ndogo kama ya mbu ilimwita.

"Tetsuji! Lile ulilomwambia Mama. Lirudie."

Akainamisha kichwa hadi kwenye lami. "Mwache mke wangu."

"Kwa nguvu! Huku mbele upepo ni mwingi."

Upepo haukuwepo. Lakini Profesa Kuwabara alijaza mapafu, akalipaza neno hilo katikati ya barabara ya serikali, na akiambiwa "tena" alirudia, mpaka bilingani likatumbukiza kijiti chake cha kwanza majini.