Mama Mkwe Juu ya Spika

Fundi saa alikuwa mtu mwema mpaka siku aliponunua spika pana kama sanduku la nguo, na muuzaji akamnong'oneza kwamba mtetemo ndio adui wa sauti. Amani ikaaga nyumbani. Aliiweka spika juu ya matofali, kisha juu ya mipira ya tenisi aliyoikata nusu kwa nusu, akaifunika kwa kipande cha godoro, na bado akadai besi inatetemeka. Friji likahamishiwa barazani. Wageni wakaamriwa wanyate. Mwishowe, maana sikio la kufa halisikii dawa, akaigeukia cherehani ya mkewe.

"Kashonee nje."

"Na mvua ikinyesha?"

"Usishone."

Cherehani hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba yao. Mke akampigia simu mama yake.

Mama mkwe alifika kesho yake, mwanamke mwenye mwili na heshima zake. Fundi saa alimpokea kichwa chini, roho mkononi, kwani alijua fika kilichomleta. Mama akaangaza pa kukaa, akaona godoro juu ya spika, akajikalia. Nani angethubutu kumwinua mama mkwe? Wimbo ulikuwa ukiendelea chinichini, na ghafla besi ikatulia tuli. Fundi saa akamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Machozi yakamlengalenga kwa furaha.

"Baba," alisema mama mkwe, "nimekuja kumchukua mwanangu. Una neno?"

Mke alisimama mlangoni, begi miguuni, macho yote kwa mumewe. Alikuwa akingoja neno moja tu la kumzuia, hata la uongo.

Fundi saa akapiga magoti. "Mama, mchukue. Lakini wewe, nakuomba, ubaki hapohapo."

Mke alicheka, kicheko kisicho na raha hata kidogo, akajitwika cherehani kichwani, akashika begi, akatoka. Mama alitaka kumfuata, ila godoro lilikuwa limemmeza.

"Niinue, wewe mwanamume!"

"Wimbo uishe kwanza, mama."

Hapakuwa na mtetemo hata chembe. Fundi saa alifumba macho, na katika usafi ule alioutafuta kwa udi na uvumba akasikia kila kitu: gitaa, pumzi ya mwimbaji, na geti la nje likifungwa.