Saini ya Saa Nane

Kituoni kwao hakuna aliyejisumbua kuchungulia selo kila saa. Koplo alifanya kama wenzake: akiingia zamu asubuhi, anasaini kitabu cha mahabusu saa zote mpaka jioni, "mzima, hana malalamiko", kisha huyoo, kazi nyingine. Uvivu? Uvivu mtupu, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sasa yuko mbele ya mpelelezi kutoka makao makuu, mama mmoja mkavu mwenye miwani, na kitabu kiko wazi mezani.

"Mahabusu wenu, yule fundi seremala, alipokelewa hospitali saa saba na nusu, mbavu tatu zimevunjika. Wewe saa nane umemwona selo, mzima. Mlikuwa na maseremala wawili?"

Koplo hakucheka. Mjomba wake, sajini wa zamu, alishampa jibu asubuhi hiyo wakinywa chai: "Sema saa nane ulikosea, ila saa saba ulimwona mzima. Mimi nitasema baada ya hapo alianguka akipanda gari. Utapewa onyo, yataisha. Nimekulea mimi, usinivue nguo mbele za watu." Na kweli alimlea, tangu mama yake afariki. Hata kazi alimtafutia yeye.

"Nakusubiri, Koplo."

Akidanganya, sare inabaki. Akisema kweli, anamwaga unga wake na wa mjomba. Lakini kile kilio, jamani! Siku tatu hajalala.

"Nilisaini zote asubuhi, Afande. Saa saba nilikuwa stoo, napanga mafaili. Nikasikia mtu analia selo, 'Basi, mkubwa, nakufa.' Sikwenda."

"Kwa nini?"

"Nilimjua anayempiga. Nilisikia anavyomfokea."

"Nani?"

"Sajini. Mjomba wangu."

Mpelelezi aliandika kwanza, ndipo akainua uso. "Unajua na wewe huponi?"

"Najua, Afande." Akalia, na hakuona haya.

Koridoni mjomba alikuwa anasubiri, kofia kwapani. Alimtazama usoni mara moja tu, akaelewa yote.

"Ufunguo wa nyumba yangu," akasema, akinyoosha kiganja.

Koplo akautoa mfukoni, akampa. "Nisamehe, mjomba."

"Mjomba wako nani?"