Kitanda cha Bibi Yei

Tangu mwenzake afe, Bibi Yei hakulala tena juu ya mti. Jua likishuka alikusanya majani kwenye shina, akajikunja palepale kama mgonjwa. Ndiye sokwe wa mwisho wa kilima chetu. Kwetu sisi Wamano sokwe wa kilimani ni wazee waliorudi, na huyu tulimpa jina la marehemu bibi yangu.

Asubuhi hiyo nilikuta nyayo za mbwa kando ya majani yake.

“Asipopanda leo watamrarua,” nilimwambia mjomba Paye, ambaye kazi yake ni kuwafuata sokwe.

“Msomi wetu, mwambie basi apande! Huko chuoni Nzérékoré si mlifundishwa kwa nini wanalala juu?”

“Kumkimbia chui, mjomba. Na siafu, na ubaridi wa ardhi. Hata watu wa kale walilala hivyo kabla ya kuwa na moto.”

“Chui! Chui wa hapa alishakuwa mkoba wa mtu kabla mama yako hajaota meno.”

Nilikuwa nakumbuka utotoni, jioni kilima kilipojaa sokwe. Kila mmoja akishajilaza aliguna taratibu, na kutoka mti wa pili mwenzake akamwitikia.

Jua liliposhuka tulimkuta Bibi Yei akikusanya majani tena, nikaupanda mti wa jirani. Nilikunja matawi, nikayalalia.

“Kou! Umerukwa na akili? Ukivunjika kiuno nani atakuoa?”

Niliguna. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu.

“Hiyo si sauti, mpwa wangu, hicho ni kikohozi!”

Uso uliniwaka kwa aibu. Nikaguna tena, na tena. Bibi Yei aliinua kichwa, akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akashika shina. Alipanda polepole, akipumzika kila panda, hadi akawa sawa nami. Nikasikia matawi yakivunjwa, majani yakikandamizwa. Halafu kimya.

Halafu akaguna. Nikamwitikia.

“Haya, shuka twende,” mjomba alisema, sasa kwa sauti ya chini.

Nilitikisa kichwa. Nikishuka, naye angeshuka. Mjomba alilitundika koti lake kwenye tawi la chini, akaondoka. Nilisikiliza hatua zake mpaka zikapotea.

Bibi Yei aliguna tena. Nikaitikia, nisijue nitamwambiaje kwamba Jumatatu chuo kinafunguliwa.