Sabufa ya Mwanzi

Du. Du. Du.

Kijiko kilitetemeka ndani ya kikombe changu. Nilidhani ni lori la majani ya chai linapanda kilima, nikatoka kutazama. Barabarani ukungu mtupu. Du! Sauti ilitoka mtaa wetu wa Bagamoyo, kwa Mzee Suleimani, mfanyabiashara aliyekuwa ameleta televisheni na deki ya video kutoka Tunduma baada ya biashara kufanywa huria. Niliifuata kama mbwa aliyenusa mchuzi.

Sebuleni watu walikuwa wamejazana wakitazama mkanda wa ngumi. Chini ya televisheni palikuwa na sabufa: sanduku jipya la mbao, lenye spika moja kubwa na tundu pembeni, na kila ngumi ilipotua sanduku liliguna mpaka visigino vikasikia. Aliyelitengeneza, Lugano, mchomelea vyuma, alisimama mlangoni anatabasamu. Kwenye benchi la mbele, kiganja juu ya sanduku, alikaa Sekela. Sekela ambaye nilikuwa najipanga kupeleka barua ya posa kwao.

"Ambwene, njoo ushike!" aliniita. "Inatekenya!"

Sikushika. Lugano alijifunza kulehemu nyaya mezani kwangu, mimi fundi redio, na sasa alikuwa anamtekenya mchumba wangu mbele ya mtaa mzima.

"Mzee," nilimwambia Suleimani, "Jumapili ijayo naleta sabufa yangu. Zipigwe zote mbili kwa mkanda huohuo. Itakayoshinda ibaki."

"Sawa, kijana. Ila ukipasua kioo cha kabati, utaongea na mke wangu, mama Rahma, mwenyewe."

Nilikuwa na spika ya inchi kumi na mbili, niliyoitoa kwenye gari la matangazo la ushirika uliokwisha kufa. Mbao nilipata, gundi nilipata, sifongo la godoro kuukuu nikalitandaza ndani. Likabaki tundu la kupumulia. Lugano alikuwa ameweka kipande cha bomba la plastiki alilonunua Mbeya. Mimi plastiki ya nini? Nilikwenda Masukulu, kwenye shamba la bibi yangu, nikachagua mwanzi mnene kuliko wote, nikaukata kwa panga kama bibi alivyonifundisha utotoni. Nikaupachika tunduni, nikapiga misumari, nikaziba kila ufa kwa gundi.

Jumatano nilimwona Sekela akiingia kwa Lugano, na baada ya saa nzima akitoka ameshika jembe.

"Limechomelewa," alisema.

Jembe gani linachomelewa saa nzima? Nilirudi nikapiga misumari mingine sita, mahali pasipohitaji hata mmoja. Kisha nikaandika juu ya sanduku kwa rangi nyekundu:

*Sekela wangu Sekela, sauti yako asali,*
*Ukinipita silala, chai moto siijali.*

Jumapili, watu walipotoka kanisani, sebule ilijaa hadi dirishani. Sekela alisoma maandishi, akainamisha uso. Sikujua ni haya au ni kicheko. Sabufa ya Lugano ilitangulia, vikombe vya mama Rahma vikacheza kabatini. Kisha Suleimani akaunganisha yangu.

Pu. Pu. Pu.

Ilikuwa kama mtu anayegombana ndani ya blanketi.

"Ina mafua hiyo!" akapaza sauti mmoja dirishani.

"Ifunikeni kwa majani ya mkaratusi ijifukize!"

Nilimtazama Lugano. Alikuwa hacheki, na hilo likanichoma zaidi.

"Umeichezea!" Nilimkamata ukosi. "Umeingia kwangu usiku ukaiharibu! Mchumba wangu hakukutosha?"

"Ambwene, niache."

Nilimtikisa. Alinibandua mikono taratibu, akachukua kofia yake, akaondoka. Kifungo cha shati lake kilibaki kiganjani mwangu.

Sekela alipiga magoti mbele ya sanduku langu. Baba yake ni msukaji wa matenga, na mwanzi anaujua kuliko mimi ninavyojua redio. Akachukua mwavuli wa mtu, akausukuma ndani ya tundu. Ncha ikagota. Ko, ko.

"Mwanzi uliukataje?"

"Chini ya kifundo. Kama unavyokatwa."

"Kama unavyokatwa wa kutilia maziwa!" Watu wakaangua kicheko. "Kifundo kimebaki ndani, Ambwene. Umeziba pua ya sabufa yako mwenyewe, kisha ukamkaba mtu."

Masikio yaliwaka. Niliinama nikatazama. Mle ndani palikuwa na kitako cheupe, kizima, safi kama chungu kipya.

"Nitalivunja sanduku," nilisema.

"Usivunje. Kifundo kinatoboka kwa nondo ya moto, ndefu." Alijifuta magoti. "Na unajua nondo na moto viko kwa nani."

"Nitatafuta kwingine."

"Tafuta. Ila barua yako usiilete kwetu. Jumatano nilikaa saa nzima kwenye foleni ya majembe, Ambwene. Tulikuwa akina mama saba pale. Ungeuliza tu."

Mzee Suleimani alizima deki. Nilifungua kiganja, nikakitazama kile kifungo chenye uzi mweusi bado umening'inia. Wivu ulikuwa haujatoka. Ulikuwa umekaa palepale kifuani, ila sasa ulikuwa na aibu ya kunitazama.

"Sekela," nilisema kwa sauti, ili na wa dirishani wasikie, "naenda kwa Lugano sasa hivi. Nitamrudishia kifungo chake, nitamwomba radhi kwanza, ndipo nimwombe nondo. Na sitamwimbia shairi."