Mstari Usio na Msimulizi

Kwa muda wa miaka kumi Msafiri bin Yunus alizunguka vijiji vya kando ya ziwa, kuanzia Ilemela hadi ng'ambo ya Sengerema, akiwa na daftari kubwa na sanduku la chupa tupu. Katika daftari hilo mlikuwa na majina ya wanaume elfu moja na mia mbili. Kila kiangazi alimtafuta kila mmoja wao, akampa chupa, akamwuliza kama ameona damu katika mkojo, kisha akaandika. Madaktari walitaka kujua kwa nini wanaume waliougua kichocho tangu utotoni walipatwa baadaye na saratani ya kibofu, na kati ya waliopatwa, nani huishi na kwa muda gani. Watu walimwita Karani wa Mikojo, naye hakuchukia. Aliihesabu kazi ile kuwa amana, na hakuwahi kulifungua daftari bila ya Bismillahi.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 1961, amana hiyo ikaingia nyumbani kwake. Mdogo wake Abeid, fundi cherehani mjini Mwanza, aliambiwa hospitalini kwamba uvimbe ulio katika kibofu chake ni saratani. Ukikatwa mwezi ule, tumaini lipo. Ukingojewa hadi mvua ziishe, halipo. Abeid alikataa.

Msafiri alimkuta barazani akishona bendera za nchi ambayo ingejitawala mwezi wa Desemba. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimemfunika magoti.

"Kaka," alisema Abeid bila kuondoa mguu kwenye cherehani, "daftari unalo mwenyewe. Waliokatwa ni wangapi?"

"Tisa."

"Walio hai?"

"Wawili. Mmoja alikatwa mwaka jana, mwingine mwaka juzi."

"Na wale wa zamani?"

Msafiri hakuwahi kumdanganya mgonjwa, na hakutaka kuanza na mtoto wa mama yake. "Wote wametangulia. Hakuna aliyefika miaka mitano."

"Basi niache niende na mwili wangu mzima. Sitaki kupasuliwa kama kambare."

"Kambare hupasuliwa akishakufa," alisema Mwaija, mke wa Abeid, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Wewe jana umemaliza ugali wangu wote na ukauliza mwingine."

Abeid alitabasamu kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Lilete hilo daftari."

Ndugu hawa wawili walisoma chuo kimoja cha Kurani, mbele ya baba yao, ambaye hakukubali hadithi yoyote ya Mtume isomwe kabla ya kutajwa sanadi yake, yaani walioipokea, mtu kwa mtu. Kwa mazoea hayo Msafiri alikuwa amechora katika daftari safu ya mwisho, akaiita msimulizi, na mbele ya kila kifo aliandika aliyempa habari: mjane, mwana, jirani, imamu wa kijiji. Abeid aliteremsha kidole polepole juu ya safu ile. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Masalu wa Busisi," alisoma. "Alikatwa mwaka 1953. Amefariki, Agosti 1957." Kidole kikasimama. "Hapa hapana jina. Kaka, habari hii haina sanadi. Nani alikusimulia?"

Msafiri aliuinamia mstari ule.

Alikumbuka vizuri. Siku ile alifika kwa Masalu akakuta mji wake umejaa watu. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika. Kashindye, mke wa Masalu, alikuwa ameketi chini, amenyolewa nywele, amezungukwa na wanawake. Msafiri alivua viatu, akaketi na wazee, akasoma Fatiha kimoyomoyo, akatoa ubani wake wa rambirambi, akamwambia mwanamke yule pole. Naye akajibu, "Tumeshapoa, baba." Hakuuliza aliyekufa ni nani. Adabu aliyolelewa nayo haikumruhusu. Mgeni aulizaye jina la maiti msibani huonekana amekuja kula. Kivuko cha mwisho kilikuwa karibu kuondoka, naye akaandika alichokiona akiwa juu ya maji, goti likiwa meza yake.

"Hakuna aliyenisimulia," alisema hatimaye. "Niliwaona tu wanalia."

"Basi hukumwandika Masalu. Umeandika kilio."

Alfajiri ya siku ya pili yake, baada ya sala, Msafiri alipanda basi hadi Kigongo, akavuka. Kivukoni hakuweza kuketi. Kosa lile lilimwaibisha, lakini aibu haikuwa mzigo mkubwa kuliko wote. Ilikuwa imepita miaka minne. Mtu aliyekuwa hai mwaka 1957 angeweza kuwa amekufa mara kumi tangu hapo, na daftari likawa na haki kwa bahati mbaya. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alimwomba Mola iwe ameandika uongo.

Huko Busisi, nyuma ya mawe makubwa, alimwona Kashindye akianika mihogo. Nywele zake zilikuwa zimekwisha kuota, nusu yake nyeupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

Jibu lile lingemtosha siku nyingine zote. Safari hii alisimama pale pale, akajilazimisha. "Niwie radhi, mama. Ile siku ya msiba, mlikuwa mnamlilia nani?"

Mwanamke yule alimtazama kwa mshangao. "Shemeji yangu. Kaka yake Masalu. Kwani wewe ulimlilia nani?"

Sauti ikatoka nyuma ya zizi. "Nani huyo anaulizia marehemu asubuhi yote hii?" Akatokea mwanamume mrefu, mwembamba, amebeba jembe begani. Alipomtambua mgeni alicheka hadi jembe likatikisika. "Karani wa Mikojo! Miaka minne nakungoja na chupa yangu. Nikamwambia mke wangu, labda serikali imeuchoka mkojo wa Wasukuma."

Msafiri alisema Alhamdulillahi. Aliketi juu ya jiwe akajifuta uso kwa kofia yake.

"Masalu, ndugu yangu," alisema, "nimekuua mimi, kwa wino."

"Na bado nimelima ekari mbili za pamba? Wino wako ni hafifu."

Akamweleza yote, ya daftari na ya Abeid. Masalu aliacha kucheka. Alitua jembe chini, akamwambia Kashindye amtolee shati lake la safari.

Jioni ile ile Masalu aliketi barazani kwa Abeid, amepandisha shati, akionyesha kovu lililoteremka kutoka kitovuni. Abeid alilitazama kama fundi anavyoutazama mshono wa fundi mwenzake.

"Ameshona vibaya," alisema.

"Vibaya, lakini haujafumuka miaka minane."

"Uliumia?"

"Sana. Wiki tatu nilimtukana daktari kwa Kisukuma, naye akadhani namshukuru."

"Na sasa? Unakojoa vipi?"

"Mara nyingi, kama mbuzi. Usiku naamka mara nne. Mke wangu analalamika." Masalu aliteremsha shati. "Ila analalamikia mtu aliyepo."

Mwaija aligeuka upande, akafunika uso kwa ncha ya kanga. Abeid akaikunja bendera aliyokuwa akiishona, akaichomeka sindano ili asipoteze mahali alipofikia.

"Mwaija," alisema, "hii asiiguse mtu. Nitaimalizia nikirudi. Kaka, kesho nipeleke hospitalini."

Msafiri alilifungua daftari juu ya cherehani. Kwa kanuni ya kazi ile neno lililokosewa halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, ili kila atakayekuja alisome kosa na sahihisho. Akapiga Bismillahi, akalikata lile neno "amefariki," na juu yake akaandika: "Yu hai, Oktoba 1961." Kisha akasogeza kalamu hadi safu ya mwisho, mahali palipokuwa tupu kwa miaka minne, na mbele ya macho ya wote watatu akaandika: "Msimulizi: yeye mwenyewe."